Wimbi la Redio Lisilotulia

Jumatatu, 4 Machi 1974
Masanja ni mjinga. Fundi redio mzima, anapimia juani! Meza kaiweka uani kwangu, hapa Nyasubi, kwa kuwa waya wa umeme kutoka mashine ya mpunga unaishia kwangu. Redio ni ya zahanati alikolazwa binti yangu Nkwimba, mke wake. Mimba kubwa, miguu imevimba. Anahitaji gari la hospitali wiki hii. Zahanati ikiita, hospitali haisikii maneno, inasikia sauti kama ya bata tu. Wimbi limehama.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia dirishani. Kipimo chake cha wimbi kina namba za taa nyekundu. Jua likitoka zinakimbia. Wingu likija zinarudi. Masanja anaweka sawa, zinaondoka tena. Anasema ndani ya redio kuna kipande cha kioo kinachoshika wimbi, hakipendi joto la kubadilikabadilika. Basi ingia ndani! Haingii. Mimi ni mama mkwe wake na kitanda changu kimo humo. Kanijibu akiwa nyuma ya ukuta, uso kaugeuzia barabarani: "Mayu, mama yangu, nipite penye kitanda chako? Watanicheka mpaka Ushirombo."
Adabu anayo. Kwa hilo simlaumu. Namlaumu kwa mengine.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Meza imefunikwa turubai. Hakuna kazi. Mtu wa baiskeli kaleta habari: Nkwimba kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu. Naogopa. Sijala.

Alhamisi, 7 Machi
Nimehamia jikoni. Kitanda, godoro, sanduku, vyote nimetoa. Mama Shija jirani kapita: "Mkwe kakufukuza?" Nikamwambia, "Namfukuza yeye juani. Pita zako."
Kisha nikapiga kelele ukutani: "Leo nyumba si yangu. Ingia, funga madirisha!"
Kaingia, viatu mkononi. Kawasha redio na kipimo, kaviacha. Hakugusa kitu mpaka vikapata joto lao. Ndipo bisibisi, kidogo tu. Jioni kasema namba zimesimama. Nikamwamuru aangalie tena. Kaangalia. Zimesimama.

Jumamosi, 9 Machi
Redio ilirudi zahanati jana. Wameita, hospitali imesikia maneno. Sauti ya mtu. Gari linakwenda leo mchana. Kitanda sijakirudisha, bado nalala jikoni, moshi machoni, silalamiki.
Nkwimba, gari likifika, panda. Usianze kutafuta kanga nzuri.