Hawala ya Tripoli

Kaka Adnani,

Nakuandikia kwa sababu simu yako haiiti tangu Ramadhani. Huku Kismayo tu wazima. Badi, mdogo wetu, kang'oka jino.

Leo nilikuwa nahamisha hesabu za nyumbani kutoka faili la zamani la kompyuta kwenda jipya. Baba akasema, "Khairat, hawala ya Tripoli iache huko huko. Sitaki kuiona tena." Ni ile aliyokutumia ulipie boti ya kuvukia Ulaya.

Nikaiacha, salio likakataa kulingana.

"Pesa hizi tuseme zimekwenda wapi, Baba?"

"Andika sadaka."

Ijumaa unasomewa khitma. Nilitaka kumwambia labda u hai, umefungwa mahali, ila wazijua haya zangu. Nikaandika sadaka. Kompyuta ikakubali.

Nduguyo asiyelala,
Khairat