Komeo Lilikuwa Nje ya Mlango

Mama Sifa,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu utadhani yamekwisha, na hayajakwisha. Tangu tulipokuzika Septemba sijafika kaburini kwako hata mara moja. Watu wa kanisani kwenu wanadhani ni majonzi. Waache wadhani hivyo.

Alhamisi nilisimama mahakamani nikakusema. Niliapa, nikataja jina lako lote kama lilivyo kwenye faili, nikamweleza jaji kitu ulichokiona kwa macho yako na hukukiandika. Nataka uyasikie kwangu, kabla hajakufuata huko mtu wa kwaya akakusimulia na kutia chumvi.

Miaka minne mimi ndiye niliyekuwa nikikupangia kesi. Na kazi yenyewe ilikuwa ndogo, Mama, ndiyo maana inaniuma. Mtoto aliyepigwa au kutelekezwa akifikishwa mahakamani, wazazi wana wakili wao na serikali ina wakili wake. Mtoto tunampa mtu wa kujitolea, mtetezi, amtembelee kila mwezi, akae naye, kisha amwandikie jaji alichokiona. Hatukuwaomba mlishe watu wala mlee watu. Hata zawadi tulikataza, hata kumwahidi mtoto kitu tulikataza. Tuliwaomba macho tu, na kalamu.

Nilikufuata mwenyewe pale kanisani kwenu Brooklyn Park, ukumbini baada ya ibada, umejifunga kitenge unagawa wali na kuwagombeza waliotaka nyama mara mbili. Familia za Kongo zilikuwa zinazidi kufika, na maofisa wa ustawi wa watoto walikuwa wanaandika mambo ya ajabu juu yao. Ofisini aliyejua Kiswahili nilikuwa peke yangu, na Kiswahili changu cha Morogoro kilikuwa kinawachekesha watu wa Uvira. Ukaniuliza kama hawatacheka Kiingereza chako. Nikakwambia watakuwa wanaandika, hawatapata nafasi ya kucheka. Ukavua aproni palepale.

Kesi yako ya kwanza ilikuwa ya wale watoto sita wa Saint Paul. Ofisa alikuta vitanda vimejaa masanduku na watoto wote sita wamelala chini kwenye magodoro mawili, akaandika kwamba hawana pa kulala. Walikuwa karibu kuchukuliwa. Ukasimama mbele ya jaji na blauzi yako ya zambarau, ukamwambia kwamba wewe kambini Nyarugusu ulilala na wenzako saba miaka kumi na moja, na kwamba mtoto aliyetoka kule ukimlaza peke yake kwenye chumba chake ndipo anapolia. Jaji aliweka kalamu chini akakusikiliza. Wale watoto wako kwao mpaka leo. Tulikwenda kwenye gari langu tukala mandazi yako yote, na sukari ikabaki kwenye viti mpaka Pasaka.

Na mimi, mjinga, nikaigeuza kesi ile kuwa somo. Kila kundi jipya la watetezi nililisimulia habari za magodoro, nikawaambia: mkiona jambo msilolielewa, ulizeni kwanza, msikimbilie kuandika. Ulikuwa unakuja kukaa mstari wa mbele, unatikisa kichwa kwa madaha kama mama wa bibi harusi. Ulilisikia somo langu mara nne. Sasa naona ulilisikia vizuri mno.

Halafu akaja Faida. Si jina lake. Jina lake silitaji hata kwako, sheria ya kazi haikufa pamoja nawe. Miaka tisa, na mdogo wake wa miaka miwili, mama yao marehemu, wanaishi kwa shangazi yao majengo mawili kutoka kwako. Shule ndiyo iliyopiga simu, kwa sababu alikuwa anakosa masomo siku mbili tatu kila wiki.

Shangazi si shetani. Hilo nalo nililisema Alhamisi. Asubuhi anaosha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jioni anapanga mizigo kwenye ghala kule Eagan, na mumewe hivyohivyo, na wa kumwachia watoto hana. Ukimtembelea anakutandikia kitambaa mezani. Wewe alikuita mama mkubwa, akakupikia sombe, kisamvu chenu, akakupigia magoti kukunawisha. Ulinisimulia hayo yote kwa furaha, na mimi nikafurahi pamoja nawe, maana nilidhani hiyo ndiyo dalili ya kazi kwenda vizuri.

Ulinipigia simu mwezi wa Machi. Nilikuwa kwenye gari, theluji inayeyuka, natoka kesi moja nawahi nyingine. Ukasema, "Binti yangu, kule kuko komeo. Iko inje ya mulango ya chumba ya batoto. Na ndani kuko ndoo." Nikauliza umelionaje. Ukasema Faida mwenyewe ndiye aliyekushika mkono akakupeleka, akaweka kidole juu ya komeo, akakuangalia. Nikauliza shangazi anasemaje. Ukasema anaogopa watoto wataungua na jiko. Kisha ukasema, "Nikiandika hii, Bazungu batabeba batoto bote."

Nilifikiria magodoro. Naapa, Mama, hicho ndicho nilichokifikiria, na nilifikiria pia kwamba nimechelewa. Nikakujibu: wewe ndiye uliyeona, andika unavyoelewa.

Ulielewa hivi, ninayo ripoti hapa mezani: "Walezi wanapokuwa kazini, watoto hubaki ndani, salama." Mwandiko wako mzuri, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na anajivunia kila herufi. Niliisoma sentensi ile nikajua komeo limefichwa wapi. Nikatia saini. Aprili jaji akafunga kesi, shangazi akalia kwa shukrani, ukamkumbatia kwenye korido.

Septemba kiharusi kikakuangusha kazini, umeshika beseni la mgonjwa. Ulizikwa kwa heshima, wanawake wote kitenge kimoja, chakula mpaka kikabaki. Mchungaji alikuita mama wa watoto wote. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, nikaitikia amina pamoja na wengine.

Hakuna aliyekumbuka kumwambia Faida kwamba umekufa. Hata mimi. Kesi ilikuwa imefungwa.

Sasa sikiliza ya Januari. Ilikuwa siku ile shule zote zilipofungwa kwa sababu ya baridi, baridi ya kuua, redio inawaambia watu wasitoke. Kazini hawakufunga. Shangazi akasukuma komeo kwa haraka, halikushika. Mchana yule mdogo akapandwa na homa, mwili moto, hanywi maji. Na wewe, kinyume cha kila kitu nilichokufundisha, ulikuwa umemwambia yule binti kwamba akipata shida aje kwako.

Akaja. Alimfunga mdogo wake mgongoni kwa kitenge, akamzungushia blanketi, glavu zake akamvalisha yeye. Akavuka uwanja wa kuegesha magari, akafika kwenye mlango wenu wa chini, ule usiofunguka mpaka mtu wa juu afungue, akabonyeza kengele yako. Jina lako lilikuwa bado lipo pale. Mwenye jengo hakuwa amelitoa. Akabonyeza, akangoja. Akabonyeza tena, kwa mkono mtupu, kwenye kile chuma. Hakwenda mlango mwingine kwa sababu ulikuwa umemwambia kwako. Mleta barua ndiye aliyewakuta.

Mdogo amepona. Faida vidole viliganda kwa baridi, amekatwa ncha za viwili vya mkono wa kulia. Siku niliyoambiwa, Mama, ningeweza kukufukua kwa mikono nikuulize ulikuwa unamwonea huruma nani.

Kesi ikafunguliwa upya. Watoto wakapelekwa Anoka kwa walezi wa muda, mke na mume Wazungu, watu wema wasiojua neno moja la Kiswahili. Mwezi mmoja tu, na yule mdogo ameshaanza kuomba maji kwa Kiingereza. Shangazi akaweka wakili ili watoto warudishwe, na wakili huyo alikuja na kitu kimoja mkononi, ripoti yako. Alisema ajali ya siku moja isifute ushahidi wa mtetezi aliyeitembelea nyumba ile miezi sita, mtu wa jamii yao wenyewe, anayejua mila zao. Akaisoma kwa sauti. Jaji akasema anataka kumsikia aliyeisimamia ripoti hiyo. Ni mimi.

Ningeweza kunyamaza. Simu yetu hakuna aliyeirekodi. Tulikuwa wawili tu, na mmoja yuko makaburini. Ningesema tu kwamba wakati ule hatukuona dalili mbaya, na watoto wangerudi mle chumbani, pengine na komeo jipya linaloshika.

Mzee Njoroge wa kanisani alikuja kwangu na akina mama wawili. Akaniambia, "Sister, hii maneno tumalize sisi kwa sisi. Mama alishaenda. Ukiongea kortini ni kama una-spoil jina yake, na Sifa bado analia." Mama mmoja akaongeza kwamba Wazungu watasema Waafrika wote tunafungia watoto. Niliwapa chai, wakanywa, nikawafungulia mlango. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeuliza vidole vya mtoto vinaendeleaje.

Basi Alhamisi nikasema. Komeo, ndoo, simu ya Machi, saini yangu. Jaji akaniuliza, bila ukali, kwa nini halikuandikwa. Nilikuwa nimejiandalia jibu refu usiku kucha, la mila, la wakimbizi na hofu yao ya serikali, la maofisa wanaoona godoro wakadhani ni ukatili. Na yote ni kweli. Nikafungua mdomo yakatoka mengine. Nikasema: tulimwonea haya shangazi, mtoto hatukumwonea haya.

Watoto hawarudi kwa sasa. Shangazi alipita mbele yangu kwenye korido, hakunitazama, na siwezi kumlaumu. Sifa wako alipiga simu jioni akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akakata. Mkuu wangu wa kazi ananiita Jumatatu, na sijui nitatoka pale na kazi au bila kazi. Ningekuwa na wewe ungesema nivae kitu cha rangi, nisiende kama mfiwa. Nimekumiss, mwanamke wewe, na hilo nalo linanikasirisha.

Lakini sikukaa kukuandikia kwa sababu ya mahakama. Ni kwa sababu ya jana.

Jana Jumamosi niliomba ruhusa nikaenda Anoka. Nilitaka Faida asikie uamuzi kwa mtu anayemjua. Alikuwa amekaa mezani anapaka rangi kwa mkono wa kushoto, anajizoeza. Habari zako alishaambiwa hospitali. Nikamweleza kwamba watabaki hapo kwanza. Akaendelea kupaka. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, ila neno moja tu hakulibadilisha, komeo. Aliuliza kama Bibi, yaani wewe, alimwambia jaji habari za komeo.

Nikasema hapana. Bibi aliniambia mimi, na mimi sikumwambia jaji.

Nilingoja alie au anitukane. Hakufanya hivyo. Alifunika rangi, akaziweka moja moja ndani ya boksi, kisha akauliza tena, taratibu, kama mtu anayehakikisha hajasikia vibaya: kwa hiyo jaji hakujua?

Hakujua, nikamwambia. Amejua Alhamisi.

Unaelewa, Mama? Tangu Aprili mtoto yule alikuwa anaamini kwamba jaji aliambiwa. Kwamba alisikia habari za komeo na ndoo, akafikiri, akaona ni sawa, akafunga kesi akaenda kula chakula cha mchana. Ndiyo maana hakumwambia mwalimu wake. Ndiyo maana hakumwambia jirani, wala mwenzake wa darasani, wala mtu yeyote. Alikuwa ameshasema. Alisema kwako, akashika komeo kwa kidole chake, na kwa hesabu yake dunia nzima ya watu wazima ilishasikia na kukubali.

Alipojua kwamba jaji hakujua, mabega yake yalishuka. Akaniomba nimmenyee chungwa.

Kwaheri, Mama Sifa. Nilikupenda na bado, na hasira zangu ziko palepale, usiniombe nichague. Ninakuahidi hivi. Wakiniachia kazi, nitawasimulia watetezi wapya kesi zako hizi mbili, na kwenye hii ya pili nitaanza na jina langu. Wasiponiachia, nitakwenda Anoka kama mgeni tu, kila watakaponiruhusu, na siku mtoto yule akininyooshea kidole kitu chochote, kitaandikwa siku hiyohiyo, kwa maneno yake.

Binti yako,
Anastazia