Mlinzi Kaja na Ukoo Wake

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imenipokea na apdeti tena. Sasisho muhimu la usalama, inasema. Nimebonyeza Kubali. Sijawahi kukataa hata moja tangu mpwa wangu Chiriku aondoke dukani. Ndiye aliyenipangia mashine hii, na siku ile alinionya: mjomba, apdeti za usalama usizikatae kamwe, wezi hupita hapo hapo. Basi nashika neno lake. Lingine la kwake sina, mwaka mzima hatusemezani. Tulirushiana maneno mbele ya wateja — yeye anataka mashine mpya ya kuchonga mihuri, mimi nataka mkono wangu. Nani alianza, hilo liachwe.

Apdeti ikamaliza. Ukurasa wa kwanza si wangu. Pembeni kuna kasuku anayetabiri mvua. Kuna kidude kingine kinadai mashine yangu ni chafu, nilipe kiisafishe. Nimekaribisha mlinzi, kaja na ukoo mzima!

Mke wangu kasema ningesoma kwanza. Nisome nini? Mimi kazi yangu ni herufi ndogo, na zile hata mimi sizioni.

Jumatano, 5 Machi

Katika ukoo ule yumo Msaidizi wa Uandishi. Anasahihisha usichomwomba. Leo mhasibu wa duka la vipuri kaagiza mhuri wa IMELIPWA. Nikaandika, nikachapa, nikaanza kuchonga. Bahati sisi wa mihuri tunasoma kinyumenyume — nikaona kwenye mpira wa mhuri: IMELIWA.

Mhasibu kacheka mpaka kaegemea kaunta. Kasema kwa ofisi yao huo wa pili ndio wa kweli, ila mkaguzi asiuone. Nimechonga upya. Msaidizi nimemzima. Baada ya muda kajiwasha mwenyewe, kanitakia siku njema.

Ijumaa, 7 Machi

Dada kapiga simu. Chiriku kapata kazi mbali, nje kabisa, mkataba mrefu. Anaondoka mwisho wa mwezi. Dada hakuzunguka: mtoto ni wako kama alivyo wangu, utamwacha aende hivi hivi? Nikasema simu yangu hapokei. Akasema basi mwandikie, wewe ndiye mkubwa.

Nimeharibu mpira mzuri kwa mawazo. Akienda bila kunisemesha, tutakuwa tumeachana kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika. Mara ndefu kama hotuba, mara kavu kama tangazo. Mwisho nikabakiza kidogo tu: Mpwa wangu mpendwa, nimesikia unasafiri. Nimefurahi na nimehuzunika. Njoo nikuone kabla hujaondoka. Mjomba wako.

Nikatuma upesi, moyo usije ukageuka.

Jumatatu, 10 Machi

Kimya. Leo nikafungua barua pepe yangu niisome tena, labda kuna neno nilikosea.

MBWA wangu mpendwa.

Nimekaa chini. Mwaka mzima sijasema naye, na neno la kwanza namwita mbwa. Mtoto niliyembeba begani! Msaidizi hajui mpwa ni nani, mbwa anamjua. Aliyemtengeneza bila shaka hana mjomba.

Mke wangu kasoma, kacheka hadi machozi. Kisha kaniona uso, kaja kukaa karibu. Kasema mwandikie tena umweleze. Naogopa. Nani ajuaye Msaidizi ataligeuza kuwa nini safari hii?

Na apdeti nyingine hiyo, inasubiri. Kidole kilitaka kukataa. Nimekubali. Ni neno la Chiriku.

Jumanne, 11 Machi

Kajibu!

"Mjomba. Umekubali apdeti na vyote vilivyodandia, sivyo? Usiguse kitu. Nitakuja Jumapili mchana."

Basi. Hakuna mpendwa, hakuna wako. Lakini kuna mjomba. Nimeisoma mbele, nimeisoma nyuma kama mhuri, hasira sijaiona. Au ninajidanganya. Mke wangu anasema anayekuja kukugombeza hakuambii usiguse kitu, anakuja tu.

Jumapili, 16 Machi

Yupo. Naandika upesi.

Kaingia na begi begani, kasalimia shikamoo kwa adabu, kama mteja. Kasema hakai sana, basi lake ni la jioni. Kakaa kwenye kiti changu. Kasuku kaondoka. Kile cha usafi kimeondoka kikilia kwamba nitajuta. Kisha kanionyesha kwenye skrini: mjomba, usalama wenyewe ni huu wa juu peke yake. Hivi vidogo chini vimewekewa alama ya kukubali kabla hujavisoma. Unaziondoa, ndipo unabonyeza.

Nikasema, uliniambia nisikatae.

Mikono yake ikasimama. "Zote umekubali? Tangu nilipoondoka?"

Zote, nikamwambia.

Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, akageukia skrini, akaanza kuvihesabu vile vidogo kwa kidole. Nami nikajifanya natafuta miwani. Ilikuwa usoni.

Akamgeukia Msaidizi wa Uandishi. Mashine ikauliza kama tuna hakika. "Nimtoe?" akasema. "Bila yeye ungeniita mpwa, na mpwa asingekujibu. Nilicheka kazini mpaka wakaniuliza nina nini." Akamtoa.

Sasa mashine inataka izimwe na kuwashwa upya, vinginevyo kazi haijakamilika. Inauliza: sasa au baadaye? Chiriku kaangalia saa ya ukutani. Kaangalia begi. Kabonyeza Baadaye, kavua viatu, kamfuata mke wangu jikoni.

Ya ugomvi wetu hatujayagusa. Safari ipo pale pale. Nawasikia huko ndani, ni sauti moja tu, haipumui. Sasa inaniita mimi.