Mashine Isiyozimwa

Jumatatu, 8 Juni 1998

Nimeipangusa mashine tena. Kila asubuhi kabla ya gwaride nafungua chumba cha kompyuta, nafuta vumbi, nafunga. Nilipewa ufunguo kwa sababu ni mimi peke yangu niliyesoma kitabu chake cha maelezo mpaka mwisho. Faida ya kusoma.

Wenyewe wanaiita seva. Kubwa kama kabati la vyombo. Inanguruma mchana na usiku. Kampuni moja ya mjini ilinunua mpya, hii ikaletwa kwetu mwaka jana kwa lori, ikaombewa, picha zikapigwa. Kompyuta ndogo nne zimeunganishwa nayo. Mbili zimekufa. Bi. Nafula, karani wa shule, ameifunika kwa vitambaa vya kufuma, vile vile anavyofunika makochi yake nyumbani. Juu ya vitambaa ameweka mandazi yasipoe. Mafuta yamepenya hadi kwenye matundu ya hewa. Harufu ya mafuta na vumbi linaloungua.

Kwenye gwaride Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba bili ya stima imepita kiasi. Kuanzia leo hakuna prepu. Masomo ya jioni basi. Ati tunaacha taa zikiwaka ovyo. Ati hatuna adabu.

Jumanne, 9 Juni

Nyumbani. Chumba kimoja, watu saba, taa moja ya mafuta. Mama anapika omena pale pale ninapoweka kitabu. Kurasa mbili za kemia, moja ina mchuzi.

Kanisa linanilipia karo mradi nisitoke kwenye tano bora. Muhula uliopita nilikuwa wa tano. Nikishuka, Baba ameshasema: nitaenda Eastleigh kwa shangazi nimsaidie kuuza nguo. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana namwamini.

Mtihani ni Julai. Bila prepu nimekwisha.

Ijumaa, 12 Juni

Mwalimu Kilonzo wa fizikia ametufundisha mita ya stima. Ndani yake kuna sahani ya chuma. Stima ikitumika sana sahani inazunguka mbio, ikitumika kidogo inajikokota. Ukiwa na saa unaweza kuhesabu mizunguko.

Mita ya shule iko ukutani nje ya jikoni. Nilipita wakati wa chakula. Ilikuwa inakimbia. Taa zote zimezimwa, mchana kweupe, na bado inakimbia.

Jumamosi, 13 Juni

Shule tupu. Nilikuja kufanya usafi wa chumba cha kompyuta. Kila kitu kimezimwa isipokuwa mashine. Nimesimama mbele ya mita na saa ya Baba. Mizunguko sita kwa dakika. Nimehesabu mara tano. Sita.

Kisha nikawasha taa zote za madarasa matatu ya prepu. Kumi na mbili.

Maana yake mashine peke yake inakula sawa na madarasa yote matatu. Tena madarasa yalikuwa yakiwashwa saa mbili tu kwa siku. Mashine ni saa ishirini na nne, Jumapili ikiwemo.

Nikarudi kuangalia inafanya kazi gani. Nimefungua kompyuta mojawapo iliyo hai na kutazama kila kilichohifadhiwa. Barua moja. Ya kuishukuru kampuni kwa kutupa mashine. Ina makosa manne ya tahajia.

Jumatatu, 15 Juni

Nilimwonyesha Mwalimu Kilonzo hesabu zangu. Akazisoma zote, akacheka, akasema ziko sahihi kabisa. Nikamwomba azipeleke kwa Mwalimu Mkuu.

"Mimi? Mimi nina watoto, binti yangu. Peleka wewe."

Mtu mzima. Mwalimu. Nimemdharau na sijui nifanye nini na dharau hiyo, kwa sababu ndiye mwalimu ninayempenda.

Jumatano, 17 Juni

Nilienda. Niliandika maneno ya kusema kwenye kiganja, jasho likayafuta. Nikamwachia karatasi mezani na kunong'ona. Mwalimu Mkuu hata hakuigusa.

"Wewe msichana. Seva haizimwi. Fundi alisema. Ukizima seva, umezima shule."

Nikasema inapata joto sana na ni nzee.

Hilo alilisikia. Saa nane akaleta feni. Feni ya kusimama, ya umeme, iko hapo inaipulizia mashine. Juni! Sisi tunatetemeka darasani na sweta zenye matobo, mashine inapepewa. Sahani ya mita sasa inazunguka mara saba.

Tarehe 25 watu wa kampuni wanakuja kuona tunavyoitumia.

Achieng, tunayeketi naye dawati moja, ameniona nikihesabu tena. "Niaje, fundi wa stima! Utaajiriwa lini?" Darasa zima likacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 19 Juni

Nimeizima.

Saa kumi na nusu, watu wamekwenda. Nilifuata kitabu cha maelezo hatua kwa hatua, kisha nikabonyeza swichi nyuma, nikazima na feni. Ngurumo ikashuka pole pole, ikaisha. Nilienda kwenye mita. Sahani imesimama. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo.

Jumatatu nitaiwasha kabla hawajafika. Nitakuwa na hesabu ya siku mbili na nusu. Hawataweza kubisha.

Jumatatu, 22 Juni

Haiwaki.

Nimejaribu mara sita. Taa ndogo ya kijani inawaka, mashine inalia kama mtu anayekwaruza sufuria, inakaa kimya. Nadhani diski zake za ndani zilikuwa zimezoea kuzunguka miaka na miaka. Zilipopoa, zikakwama. Kitabu hakikusema hivyo.

Bi. Nafula akanikuta nimepiga magoti nyuma ya mashine. Nilimwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Akashika mgongo wa mashine, akaona baridi.

"Sasa mandazi nitayaweka wapi?" Kisha akafunga mlango. "Sikia, mwanangu. Hujui kitu, sijui kitu. Tutaifunika vizuri."

Nikamsaidia kuifunika. Mimi. Najichukia kuliko ninavyowachukia wao.

Alhamisi, 25 Juni

Walikuja wageni watatu, wamevaa tai. Bi. Nafula alikuwa ameleta vitambaa vipya, vyeupe, vya maua, mpaka chini kama bibi harusi. Akawasha feni kwa nguvu ili chumba kingurume. Mwalimu Mkuu akaipiga mashine kofi la upole ubavuni na kusema inafanya kazi siku zote, haijawahi kulala. Hakuna aliyeinua kitambaa. Hakuna aliyetaka.

Nilikuwa nikipitisha soda. Mgeni mmoja, mnene, alikuwa akimwambia mwenzake kando: "Tulizitoa zote. Zilikuwa zinakula stima kuliko bei ya kununua mpya. Na kuzitupa ni gharama."

Akachukua soda mkononi mwangu bila kunitazama.

Walijua. Walikuwa wameshapiga hesabu zangu kabla yangu, kwa karatasi nzuri zaidi. Kisha wakatafuta watu watakaowashukuru.

Wameahidi kutuletea nyingine mwakani. Tulipiga makofi. Nilipiga pia.

Jumatatu, 6 Julai

Bili imekuja, imeshuka sana. Mwalimu Mkuu aliinua karatasi gwarideni. Amesema wanafunzi hatimaye wamejifunza kuzima taa. Nidhamu imezaa matunda. Prepu inarudi leo.

Walishangilia. Mwalimu Kilonzo alinitazama, akatazama viatu vyake.

Siwezi kueleza jinsi ninavyochefukwa. Lakini jioni nilikuwa wa kwanza kuingia darasani.

Ijumaa, 31 Julai

Tumefunga shule. Nimekuwa wa nne.

Baba aliisoma ripoti amesimama mlangoni, kwenye mwanga, bado na sare ya kiwandani. Anasoma polepole. Alifika kwenye maoni ya Mwalimu Mkuu akayasoma kwa sauti: "Msichana mtulivu. Ana adabu."

"Hiyo ni kubwa kuliko hisabati," akasema.

Mama akanimiminia chai, akanisogezea kiti. Nimekunywa.