Bangili Uliyonisukia kwa Kebo ya Mota

Mpendwa Baba Masanja,

Nimeandika "mpendwa" kwa mazoea tu, usije ukajidanganya. Mwanao Masanja alifika hapa Ushirombo Jumapili akitokea huko kwako Buseresere. Ameniambia miguu imevimba, chakula hakipiti, na kila jioni unaulizia kama nitakuja kukuona. Nimekaa na swali lako siku tatu. Leo nakujibu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya kiwandani kule Kahama, iliyopakana ukuta na kinu cha pamba? Ulikuwa fundi umeme, na ulijiona hasa. Ilipoletwa mota mpya na kabati lake la kuongeza na kupunguza mwendo, uliifunga mwenyewe, ukakataa kumsubiri mhandisi. Kebo yake ilikuwa imevikwa kitu kama soksi, shaba iliyosukwa. Karatasi ya maelekezo ilisema isivuliwe, na ifungwe kwenye waya wa ardhini ncha zote mbili. Uliisoma ukacheka. "Umeme haupiti kwenye mapambo," ulisema. Ukaichuna yote, na jioni ukanisukia bangili.

Niliipenda, sikufichi. Niliisugua kwa ndimu na majivu mpaka wake za mafundi wenzako wakanuna. Nilikupenda na wewe pia, na hilo ndilo linalonitia hasira zaidi.

Tangu mota ilipowashwa, redio za nyumba zote zile zikawa zinakwaruza tu, kuanzia asubuhi hadi kinu kinapozimwa, kama mtu anakaanga bisi ndani yake. Nilikuomba uangalie. Mama alikuwa mgonjwa kwetu Chato, na matangazo ya vifo yalisomwa mchana. Habari za mama ningezipata wapi? Ukasema mwanamke akikosa la kufanya hugombana hata na redio.

Mama akafa. Kaka yangu alifika kwa basi baada ya maziko, hakusalimia mtu. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Tumekutangazia redioni siku mbili mfululizo. Mayu, mama yetu, tumemlaza ndani akikungoja. Ulikuwa unasikiliza nini?"

Nilijifunika uso kwa mikono, na bangili ikiwa palepale mkononi.

Wiki ileile mhandisi akaja, si kwa sababu yangu, ila kwa kuwa hata meneja alikuwa hapati taarifa ya habari. Akaikagua kebo, akauliza shaba yake iko wapi. Ukasema imeibwa. Akaeleza mbele ya watu wote kwamba shaba ile ndiyo inayozuia kelele za mota zisitoke kwenda kuvuruga redio. Mimi nilikuwa nimekuletea chakula. Niliingiza mkono ndani ya kanga ili usifukuzwe kazi. Udongo wa kaburi la mama haujakauka, nami nakulinda wewe.

Tuliporudi nyumbani nilingoja neno moja tu, pole. Ukanawa mikono, ukakaa, ukasema, "Mama yako angekufa hata kama redio ingesikika."

Ni kweli, Baba Masanja. Angekufa. Lakini ningemzika. Kesho yake nilifunga mzigo wangu, na wewe mpaka leo unawaambia watu kwamba nilikuacha kwa kiburi.

Bangili nimempa Masanja akuletee. Imeota kutu ya kijani, na mkono wako nasikia umekonda, basi itakuenea. Mgonjwa naye anahitaji mapambo.

Kuhusu kuja, sitakuja. Usimtume mtoto tena, wala usiwasumbue wazee wa ukoo. Siku yako ikifika, ndugu zako wapeleke jina redioni kama watu wote. Hapa ninapoishi hakuna kinu wala mota, na redio yangu inasikika vizuri sana. Mchana huwa napepeta mchele huku nikisikiliza. Likitajwa jina lako nitaongeza sauti, nisikie mpaka mahali pa maziko, kisha nitaendelea kupepeta.

Lala salama, ukiweza.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Masanja