Hatua Nne Hadi Meza ya Mama Wawira

Embu, Jumatatu jioni

Dada yangu Karimi,

Mlio wa droo ikifungwa taratibu umekaa masikioni mwangu wiki mbili sasa. Nitakueleza. Kwanza niambie, goti la mama linaendeleaje na baridi hii? Mvua imefika Ruiri, au maharagwe yamekauka tena? Mimi mwili ni mzima.

Unamkumbuka Mama Wawira, mpiga chapa wetu hapa ofisi ya chama cha wakulima, aliyenipa chumba kwake miezi ya kwanza nilipofika huku? Kila asubuhi huzunguka ofisi akisalimu kila mtu kwa mkono, meza kwa meza, hata tukiwa na haraka. "Mtoto wa Meru, umekunywa chai?"

Kompyuta zilipoletwa na kuunganishwa kwa nyaya, niliwekwa kuzisimamia kwa kuwa nilizisomea. Yeye zilimhangaisha. Siku ile ya droo alikosea orodha ya wakulima. Nikaandika makosa yake yote, moja baada ya jingine, nikayatuma kwenye kompyuta za ofisi nzima. Nilidhani wote watajifunza.

"Mama, mwalimu amerudisha mtihani!" Njeru wa stoo akapaza sauti. Wakacheka. Mama Wawira akafunga droo yake, akachukua mkoba, akatoka.

Kesho yake alisalimu kama kawaida, meza kwa meza. Yangu akaipita.

Meneja naye alikuwa ameusoma ujumbe. Ijumaa iliyopita alimwambia Mama Wawira astaafu, mimi akaniambia nichukue nafasi yake.

Juzi nilimwendea nyumbani na sukari na majani ya chai, nikaomba msamaha mbele ya watoto wake. Hakukasirika.

"Makosa ni yangu, Gatwiri. Lakini kutoka kwako hadi kwangu ni hatua nne. Si ungekuja tu?"

Shuleni nilisifiwa kwa kusema ukweli. Sikujifunza kuinuka na kumpelekea mtu ukweli huo polepole, sikioni. Chai alinipa. Mkono hakunipa.

Nisalimie shangazi Kanana anayetuchungia mbuzi, na mjomba wetu mzee wa kanisa, mwambie aniombee. Mama usimwambie lolote mpaka nifike mwenyewe.

Asubuhi ya leo nimemwambia meneja kwamba siwezi kukalia kiti cha Mama Wawira, amrudishe. Akasema kama sikitaki, basi na changu nikiache. Nimekiacha, Karimi. Funguo nimeshakabidhi.

Mdogo wako akupendaye,
Gatwiri