Mustari wa Chaki wa Juje

Mujukuu wangu Odette,

Huku Dilala tuko bazima, mama yako anakusalimia. Unaniuliza, wewe mwenye kufundishwa kazi ya ujuje, ya kuhukumu batu, namna gani ya kumujua shofere mulevi.

Mi nilikuwa ningali kijana, shofere wa kamio, gari kubwa ya mizigo, alimugonga dada yangu Kapinga ku barabara ya Mutshatsha, akamuua. Alikuwa ananuka pombe, sisi wote tulisikia. Kisha mwezi mumoja kupita, mu nyumba ya hukumu, juje akachora mustari wa chaki chini, akamuambia atembee juu yake. Akatembea sawasawa.

"Huyu hakulewa," juje akasema. Akamuachilia.

Wakati batakufundisha kupima mulevi, uliza kwanza alipimwa siku gani.

Siku ile ya hukumu, mi nilipotoka, machozi yakanifanya nijikwae ku mulango. Polisi akanishika mukono: "Weye kijana, umelewa?"

Kambo yako